Kompyuta ilivyojifunza kukumbuka ilikokwama

Bando la GB 2 liliisha kabla ya adhana ya magharibi. Nilikuwa barazani, Magomeni, simu ikigawa intaneti na kompyuta mapajani, nasakinisha programu ya lugha ya Python niliyokabidhiwa na mteja mmoja. Amri yenyewe ni ya mstari mmoja. Lakini kwenye kioo nikaona kifurushi kilekile kinashushwa toleo la 1.17, kisha 1.16, kisha 1.15, kinateremka hivyo hivyo kama mzee kwenye ghorofa lenye lifti mbovu, huku ujumbe ukiniarifu kwa adabu kwamba shughuli hii yaweza kuchukua muda. Ikachukua muda, ikachukua na bando.

Kiswahili kina utani wake hapo. Bando la intaneti tunaliita kifurushi. Programu iliyofungwa tayari kwa kusakinishwa nayo ni kifurushi. Jioni ile kimoja kilikula kingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2021. Tarehe 30 Novemba 2020, wasimamizi wa pip, chombo kinachosakinisha vifurushi vya Python, walikuwa wametoa toleo la 20.3 lenye uwezo ambao watumiaji waliulilia kwa miaka: kurudi nyuma na kujaribu upya pale vifurushi vinapokataana. Nilichokuwa nakilaani barazani kilikuwa ni maendeleo.

Programu ya leo haiandikwi yote na mtu mmoja, inaazima. Ukitaka kuchora grafu unaazima kifurushi cha kuchora, nacho kimeazima cha hesabu, nacho kina vyake kinavyovitegemea. Ndiyo maana vinaitwa vitegemezi. Kila kimoja huja na masharti: namtaka fulani, toleo lisiwe chini ya 2, fulani mwingine simtaki kabisa. Vifurushi 10 tu, kila kimoja kikiwa na matoleo 20, vinatoa michanganyiko 10,240,000,000,000. Kompyuta inayokagua michanganyiko milioni moja kwa sekunde ingemaliza baada ya siku 118. Kwa hiyo hakuna anayekagua yote. Unachagua kimoja, unasonga, ukikwama unarudi hatua moja, unabadilisha, unasonga tena.

Mbinu hii inajulikana tangu kabla ya kompyuta. Mwaka 1848 Mjerumani Max Bezzel aliuliza katika jarida la sataranji: malkia wanane watakaaje kwenye ubao mmoja bila yeyote kumla mwenzake? Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati aliyeogopwa Ulaya nzima, alijishughulisha na swali hilo na hakuyapata majibu yote 92. Franz Nauck ndiye aliyeyachapisha, mwaka 1850. Chukua ubao wa drafti na vizibo vinane vya soda ujaribu mwenyewe. Saba utavipanga vizuri, cha nane kitakosa pa kukaa. Hutavikusanya vyote uanze upya. Utainua cha saba, ukisogeze, na kama nacho hakina pengine pa kwenda, utainua cha sita.

Mmarekani D. H. Lehmer ndiye anayetajwa kuipa mbinu hii jina lake la Kiingereza, katika miaka ya 1950, na mwaka 1965 Solomon Golomb na Leonard Baumert wakaieleza kama njia ya jumla ya kuandika programu. Katikati ya hapo, mwaka 1962, Martin Davis, George Logemann na Donald Loveland walikuwa New York na kanuni ya mantiki iliyomaliza kumbukumbu ya mashine yao. Wakaibadilisha: kila penye shaka, jaribu "ndiyo", ukikwama, rudi ujaribu "hapana". Karibu kila kitatuzi cha mantiki, yaani programu inayotafuta jibu linalotimiza masharti yote, kilichokuja baadaye kina damu ya kanuni hiyo.

Ila kurudi hatua moja moja kuna upumbavu wake, na anayetaka kuuona akae kwenye kamati ya harusi. Tuseme kamati imechagua ukumbi kwanza, halafu mpishi, halafu wa mapambo, halafu MC. Mwisho inatafuta kundi la taarabu. Kila kundi linasema lisipopiga hadi saa saba usiku haliji, na ukumbi ule unazima muziki saa nne. Kamati inayorudi hatua moja itamlaumu MC. Itambadilisha MC, itayapigia simu makundi yote upya, yatakataa yote. Itabadilisha tena MC. MC wakiisha, itambadilisha wa mapambo na kuwarudia ma-MC wote. Wapishi wakiwa 4, wapambaji 5 na ma-MC 6, ni mipango 120 ya bure kabla ya mtu kukumbuka ukumbi. Shangazi mwenye akili hafanyi hivyo. Anauliza, "Aliyekataza muziki ni nani?" Anarukia moja kwa moja kwenye ukumbi, na kabla ya kubadilisha anaandika kwenye daftari: ukumbi huu na taarabu haviendi pamoja, tusirudie.

Swali la shangazi na daftari lake viliandikwa kisayansi mwaka 1977, huko MIT, na watu wawili, Richard Stallman na Gerald Sussman. Walikuwa na programu ya kuchambua saketi za umeme. Kila hitimisho ilikumbuka limetokana na dhana zipi, na ikikuta ukinzani ilifuata uzi hadi kwenye dhana zilizousababisha, ikaandika kwamba dhana hizo zisikutanishwe tena. Stallman ndiye huyuhuyu aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 na kufungua njia ya programu huria. Nashangaa kila nikikumbuka. Kama kuna mtu aliyestahili kufikisha wazo hili kwenye vifurushi vya programu huria, ni yeye, na taasisi yake ilikuja hata kufadhili Debian, mfumo huria wa Linux, kwa mwaka mmoja, 1994 hadi 1995. Bado wazo lilifika kwa kuzunguka sana.

Debian ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Indiana. Vifurushi vyake vilitamka wazi vinamtegemea nani na vinagombana na nani. Kutamka ni jambo moja, kupatanisha ni jingine. Waliosakinisha Linux miaka ile kwa CD wanakumbuka: unaomba kifurushi kimoja unaambiwa kinakosa kingine, unakitafuta, nacho kinakosa kingine, na cha nne kinamkataa wa kwanza. Hali hiyo waliipa jina la jehanamu. Mwaka 1999, pamoja na Debian 2.1, ikaja APT, ambayo ilivifuata vitegemezi yenyewe na kuvileta. Watu wakapumua. Lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitoka kwa binadamu: katika kila toleo la Debian, wasimamizi hujaribu maelfu ya vifurushi pamoja, na kwa kawaida kila kifurushi huwa na toleo moja tu. Kamati ya harusi ilikuwa imeshakaa kabla wewe hujaalikwa.

Ugumu wenyewe ulithibitishwa mwaka 2006. Watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS, Roberto Di Cosmo wa Paris akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba swali la kama kifurushi fulani kinaweza kusakinishwa ni la tabaka lilelile la maswali magumu ambalo Stephen Cook wa Toronto alilieleza mwaka 1971: jibu likiletwa ni rahisi kulikagua, ila hakuna anayejua njia ya kulipata ambayo ni ya haraka nyakati zote. Habari mbaya, ungedhani. Kumbe ilikuwa nzuri, maana maswali ya tabaka hilo yanatafsirika moja kuwa jingine, na vitatuzi vya mantiki tayari vilikuwa moto. Mwaka 1996 João Marques-Silva na Karem Sakallah walikuwa wametoa GRASP, kitatuzi kinachochambua kila kilipokwama na kujiongezea sharti jipya kutokana na kosa hilo. Daftari la shangazi, safari hii kwa kasi ya mashine. Juni 2008 openSUSE 11.0, mfumo mwingine wa Linux, ikatoka na kitatuzi cha aina hiyo cha Michael Schroeder, na kupatanisha vifurushi kukawa jambo la papo kwa papo.

Walimwengu wa lugha za programu hawakusikia, au walisikia wakaendelea na yao. Node.js ilikwepa ugomvi kwa kumpa kila kifurushi nakala yake ya anachotegemea, ndiyo sababu folda ya mradi mdogo inaweza kujaa maelfu ya mafaili. Go, kwa mpango alioutangaza Russ Cox mwaka 2018, ilibadilisha kanuni za masharti hadi hakukubaki cha kutafuta. Njia zote mbili zina watetezi wake.

Python haikuwa na anasa hiyo. Ghala lake la vifurushi lipo tangu 2003 na linaweka matoleo yote, ya jana na ya miaka 15 iliyopita. Ian Bicking alipoandika pip mwaka 2008, kanuni ilikuwa ya mwenye kuwahi: sharti la kwanza kuonekana ndilo linalofuatwa, la pili likipingana nalo, shauri lake. Programu ilisakinishwa kwa amani na kuanguka wiki moja baadaye mbele ya mteja. Ombi la kutaka kitatuzi cha kweli liliandikishwa mwaka 2013 likakaa kwa miaka, hadi Mozilla na taasisi ya Chan Zuckerberg walipotoa dola 407,000 za kuikamilisha kazi.

Kwa nini sasa bando langu liliisha? Kwa sababu masharti ya kifurushi cha Python yalikuwa ndani ya kifurushi. Ili pip ijue toleo la 1.16 linamtaka nani, ilibidi mara nyingi ilishushe lote, na vile vya zamani zaidi ilibidi hata viendeshwe kidogo ndipo viseme. Ni sawa na kumwita kila mwimbaji wa taarabu mpaka ukumbini, na vyombo vyake, ili umuulize saa ya kuanza. Aliyejaribu nyumbani kwenye nyaya za kasi hakuuona uzito wa jambo hilo kama sisi wa kujiunga kwa vocha. Tangu 2023 ghala linaweza kutoa karatasi ya masharti peke yake, kilobaiti chache tu.

Mageuzi ninayoyapenda zaidi, hata hivyo, ni ya Natalie Weizenbaum. Mwaka 2018, akifanya kazi Google kwenye lugha ya Dart, aliandika kanuni aliyoiita PubGrub. Daftari lake haliisaidii mashine peke yake: upatanisho ukishindikana, linasomeka kama maelezo ya mtu. Kwa kuwa huyu anamtaka yule chini ya 2, na huyu mwingine anamtaka juu ya 2, hawa wawili hawakai pamoja. Bundler, chombo cha vifurushi cha lugha ya Ruby, imeihamia, na uv, chombo kipya cha Python kilichotoka Februari 2024, kimejengwa juu yake.

Mradi ule wa Magomeni ninao bado. Mwaka jana niliupitisha kwenye uv, na kabla chai haijapoa nikajibiwa kwa sentensi tatu: haiwezekani, na wa kulaumiwa ni mstari wa 14 wa faili la masharti, uliotaka toleo moja la kifurushi kimoja na si jingine lolote. Nikampigia kijana aliyeuandika.

"Mdogo wangu, mstari wa 14 uliuweka kwa sababu gani?"

Akanyamaza kidogo. "Shikamoo kaka. Kusema ukweli, niliunakili tu kutoka mradi mwingine."

Nikaufuta. Vikasakinishwa vyote.