Pesa Zinazoweza Kungoja

Neno "malaika" liliingia kwenye biashara kupitia mlango wa ukumbi wa maigizo. Huko Broadway, New York, tajiri aliyetoa pesa ili mchezo ufike jukwaani aliitwa malaika. Mwaka 1978 William Wetzel, profesa wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, akalitumia jina hilo kwa watu wanaotoa pesa zao wenyewe kuzipa kampuni changa. Malaika hakopeshi. Ananunua sehemu ya kampuni, halafu anangoja. Kampuni ikifa, pesa zake zimekufa nayo.

Nikiwaeleza watu hapa Voi, wengi huniuliza, "Si hiyo ni chama tu?" Karibu. Lakini kuna tofauti moja, na ndiyo inayonisumbua. Kuielewa lazima turudi shambani kwanza.

Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulisukuma uandikishaji wa ardhi ya Waafrika, kila shamba na mwenyewe. Majina yaliyoandikwa yalikuwa ya wanaume kwa wingi. Uhuru ukaja, mtindo ukabaki. Benki ikiomba dhamana inaomba hati, na hati iko kwa mzee. Hapa Taita Taveta mambo ni magumu zaidi kwa sababu ardhi yenyewe ni haba: mbuga za Tsavo, zilizotengwa 1948, zimechukua kama asilimia 62 ya kaunti. Toa mashamba ya mkonge, toa maranchi, unabaki na vipande vya milimani. Nyanya yangu alilima kipande kimoja kule Werugha maisha yake yote, kabichi zake zikishuka kwa lori hadi Mombasa, na jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote.

Wanawake wakageukiana. Sehemu za kati za Kenya, miaka ya 1960 na 1970, kulikuwa na vikundi vya mabati: wote mnachanga, leo inaezekwa nyumba ya huyu, kesho ya yule. Chama cha nyanya kilianza na sufuria, kikaja kwa mbuzi, kikafika kwa karo. Dhamana ilikuwa kujuana. Ukikimbia na pesa ya watu milimani, utakimbilia wapi?

Halafu ikaja 1975, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, Mexico City. Kutokana nao likazaliwa shirika la Women's World Banking, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Esther Ocloo wa Ghana. Huyu mama alianza biashara 1942 kwa pesa kidogo tu, alizopewa na jamaa yake wa kike. Akanunua machungwa, sukari na chupa 12, akapika jemu. (Kama kuna malaika, basi ni huyo jamaa, na sidhani aliwahi kuitwa mwekezaji.) Kenya, Mary Okelo, mwanamke Mwafrika wa kwanza hapa nchini kuwa meneja wa tawi la Barclays, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kenya Women Finance Trust mwaka 1981. Mkopo ukawafikia wanawake wasio na hati, wakidhaminiana kwa vikundi.

Ilikuwa kazi kubwa, na siibezi. Lakini ulikuwa mkopo, na mkopo wa aina hiyo haungoji. Unaanza kulipa baada ya wiki chache. Anayeuza nyanya na sukuma sokoni Voi anaweza. Anauza leo, analipa Ijumaa. Anayeandika programu hawezi. Mwaka wa kwanza anaandika tu, wa pili anatafuta mteja. Ndiyo maana naona historia ilituachia pengo: mama alipewa deni, na mtaji unaongoja ukabaki kwa wenye marafiki matajiri.

Teknolojia yenyewe haikukosekana. M-Pesa ilikuja 2007, na vyama vikahamia kwenye simu. AkiraChix ilianza Nairobi 2010, wasichana wakafundishwa kuandika programu. Sheria ya 2017 kuhusu mali inayohamishika ikaruhusu hata ng'ombe awe dhamana. Poa, lakini msichana mwenye laptopu ya mtumba hana ng'ombe.

Binamu yangu ni mmoja wao. Programu yake inaunganisha wakulima wa milimani na mahoteli ya Voi. Mwaka jana alienda kwa chama cha mamangu kuomba shilingi 80,000, na akawaambia wazi kwamba haombi mkopo, anauza sehemu ya kampuni.

"Kwa hivyo ikikufa, hatukudai?" mweka hazina akauliza.

"Hamnidai, mama."

Kimya. Mmoja akasema hizo ni pesa za karo ya Januari. Mwingine akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalingoja: "Na ikikua, mwanangu, tutakula pamoja mpaka lini?"

"Mpaka muuze hisa zenu wenyewe."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakampa 40,000, kwa sharti kwamba kila mwezi awasomee hesabu kwa sauti, kwa Kidawida. Daftari lao lilikuwa na safu mbili tu, akiba na mkopo. Katibu akachukua rula, akachora ya tatu.

Programu ina wateja saba. Hesabu ya mwezi huu itasomwa Jumapili.