Ndoo ya Maji ya Chumvi

Nyumba yetu Kaloleni ni zile za mawe za miaka ya 1940. Jioni Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya, hukaa mlangoni akibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likikawia kujaa, anajua maji yamezidi tena, moyo umechoka. Kliniki ni mara moja kwa mwezi.

Kumbe umeme unaweza kusoma hayo maji. Mwili wenye maji na chumvi hupitisha umeme. Maji yakiongezeka, ukinzani unashuka. Mchawi ni ngozi kavu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden alipopima umeme wa moyo, mgonjwa alitumbukiza mikono yote na mguu mmoja kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Ndoo, jameni! Miaka ya 1960 Mfaransa Thomasset, akipima maji ya mwili, aliikwepa ngozi kwa sindano. Mwaka 1966 William Kubicek na wenzake Marekani, wakifanyia NASA kazi ya kupima damu inayosukumwa na moyo, walifunga mikanda minne, miwili shingoni na miwili kifuani: jozi moja inapeleka umeme mdogo usiohisika, nyingine inasoma. Mpango huo wa jozi mbili bado tunautumia.

Stika za jeli zikaja, lakini jeli hukauka na ngozi huwasha. Ndiyo maana watu wakageukia nguo: uzi wa nailoni uliopakwa fedha, unafumwa kuwa kitambaa. Hauna jeli, unangoja jasho. Sasa Julai Nairobi utatokwa na jasho saa ngapi? Namba zinaruka ovyo mpaka ulowanishe kitambaa kwa maji ya chumvi. Tumerudi kwa Einthoven, ndoo tu ndiyo imepungua.

Niliposhona mkanda wa shavu la mguu, fundi wa cherehani mtaani aliuvuta mara moja akacheka. “Ati unataka kumfunga shosho na hii? Hii lastiki ni ya soksi, itamkaba.” Akaweka lastiki pana ya sidiria, na sponji nyuma ya kitambaa kisibanduke mguu ukisogea. Namba zikatulia, ila kwa asubuhi tu. Jioni mguu umevimba, mkanda unakaza zaidi, na mkazo wenyewe unabadilisha kipimo. Yaani kile ninachotaka kupima ndicho kinachoharibu kifaa.

Dani aliuvaa siku mbili, akauliza unafuliwaje. Nikamwambia kila ukifuliwa fedha inabanduka kidogo. Akaukunja, akanirudishia.