Upungufu wa homoni ya thairoidi kwa watoto

MTOTO mchanga anayelala mno na asiyelia usiku husifiwa kuwa mtulivu. Hata hivyo, utulivu huo waweza kuwa dalili ya maradhi yanayodumaza akili yasipotibiwa mapema.

Thairoidi ni tezi iliyo shingoni, chini ya kikoromeo. Hutoa homoni ya thairoksini, inayoongoza ukuaji wa ubongo na mifupa pamoja na joto la mwili.

Takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na upungufu wa homoni hii, mara nyingi kwa sababu tezi haikuumbika vyema. Ukosefu wa madini ya iodini katika lishe ya mama mjamzito pia huchangia.

Wengi huzaliwa wakionekana wazima. Baadaye hunyonya kwa uvivu, hufunga choo, hulia kwa sauti ya kukwaruza, na macho hubaki ya manjano kwa muda mrefu. Ulimi huvimba na kitovu huchomoza.

Kwa watoto wakubwa, chanzo huwa aghalabu kinga ya mwili kuishambulia tezi. Mtoto huacha kurefuka, huchoka, huhisi baridi na huchelewa kubaleghe. Wengine huota rovu.

Kungoja dalili ni hatari. Ndiyo sababu upimaji wa watoto wachanga ulianzishwa Quebec, Canada, mwaka wa 1974. Damu kidogo hutolewa kisiginoni siku chache baada ya kuzaliwa. Mahali ambapo kipimo hiki si cha kawaida, mzazi anafaa kumwomba daktari.

Tiba ni tembe ya levothairoksini kila siku. Ikianza kabla ya wiki mbili kutimia, watoto wengi hukua na akili timamu. Ikicheleweshwa, madhara ya ubongo hayarekebishiki.

Tembe husagwa na kuchanganywa na maziwa ya mama au maji kidogo, kisha mtoto hunyweshwa papo hapo. Isipewe pamoja na dawa za madini ya chuma au kalsiamu, wala maziwa ya soya, kwani hupunguza nguvu yake.

Mtoto anapokua, kipimo cha dawa hubadilishwa kulingana na matokeo ya damu. Wazazi wasikatize dawa eti kwa kuwa mtoto amechangamka; uchangamfu huo ni kazi ya dawa yenyewe.