Neno la Wiki: Kipaza sauti kisichopaza

Kijana wa jirani kanionyesha kidude alichokiunga mwenyewe, hakizidi kibiriti: kijisehemu cha kusemea, transista moja, koili ya waya wa shaba, betri ya volti 9 na kipande cha waya kuwa antena. Akakisemea, sauti ikatokea kwenye redio ya FM chumba cha pili. "Kipaza sauti kisicho na waya hiki, mzee!" Ufundi nimeusifu, jina nimelikataa.

Kupaza kumetokana na kupaa: ni kuipandisha sauti. Kazi hiyo ni ya amplifaya na spika, kama zile za msikitini. Unachokisemea hakipazi, kinaipokea sauti na kuigeuza umeme. Hicho ni maikrofoni, au maiki kama wasemavyo vijana. "Kinasa sauti" nacho kisikuponze: wengi wakikisikia hufikiria chombo cha kurekodi. Na ile transista na koili yake? Inarusha, kama redio zinavyorusha matangazo. Basi tuiite kirusha mawimbi, mdogo wa ile mitambo mikubwa ya kurushia matangazo. Kijana kakubali, ila kwa mama yake bado anakiita kipaza.