Kumbadilisha 007 bila kuzima mtambo

Najua nimeadimika. Nimekuwa nikikarabati programu niliyorithi kutoka kwa mwenzangu aliyehamia kazi nyingine, na kila mtumiaji ananiambia neno lilelile: "Enzi za yule wa kwanza haikuwa hivi." Hapo nikamkumbuka Daniel Craig. Basi leo tarakilishi zingoje kidogo, tupige historia.

Tarehe 14 Oktoba 2005, Craig aliletwa kwa boti ya kasi katika mto Thames, London, akisindikizwa na wanajeshi wa majini, atangazwe kuwa James Bond wa sita. Kosa lake? Alivaa jaketi la kujiokolea. Magazeti yakamcheka: jasusi gani huyu wa kuogopa maji? Tena nywele zake ni za rangi ya dhahabu! Mashabiki wakafungua tovuti ya kuwahimiza watu waisusie filamu yake, kabla hata haijatoka. Kesi ilikatwa bila ushahidi.

Lakini hofu yao ilikuwa na historia. Sean Connery alianza na Dr. No mwaka 1962. Alipoondoka, akaletwa George Lazenby, mwanamitindo kutoka Australia asiye na uzoefu wa sinema. Alicheza moja tu, On Her Majesty's Secret Service ya 1969, akaenda zake. Mwaka 1971 Connery akarudishwa. Sisi waandishi wa programu tunaijua hiyo: toleo jipya likikataa, unarudisha la zamani huku ukijipanga. Roger Moore akaingia 1973, na badala ya kumuiga Connery akaleta mzaha wake mwenyewe. Alidumu filamu 7, hadi 1985. Timothy Dalton alicheza mbili, 1987 na 1989, kisha migogoro ya kisheria ikaufunga mradi kwa miaka 6, mpaka Pierce Brosnan alipotokea katika GoldenEye mwaka 1995.

Sasa jiulize: mhusika mkuu anabadilishwa mara zote hizo, na watu bado wanaamini ni yuleyule. Vipi? Jibu langu: tazama waliobaki. Lois Maxwell alikuwa Moneypenny kuanzia 1962 hadi 1985. Desmond Llewelyn, yule mzee Q wa vifaa vya ajabu, alianza 1963 na kuendelea hadi 1999, akiwahudumia akina Bond watano. Bond mgeni anaingia ofisi ileile na kukemewa na wazee walewale, nawe mtazamaji unatulia. Ukibadilisha injini ya matatu, usibadilishe usukani na breki siku hiyohiyo.

Mwaka 2006 wakathubutu kuivunja kanuni hiyo. Die Another Day ya 2002 ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 400, kiasi ambacho hakuna Bond aliyetangulia aliyekifikia. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji: filamu ilikuwa na gari lisiloonekana, na Bond akiteleza juu ya wimbi lililochorwa kwa tarakilishi. Watayarishaji Barbara Broccoli na Michael G. Wilson wakaamua kuanza upya na Casino Royale, kitabu cha kwanza cha Ian Fleming, cha 1953, ambacho haki zake walizipata 1999. Bond akawa ndio kwanza anapata leseni ya kuua. Hakuna Q, hakuna Moneypenny. Hata Mbale, Uganda, imo katika hadithi, ingawa picha zake zilipigwa Uingereza.

Ila hawakutupa kila kitu. Judi Dench, aliyekuwa M tangu enzi za Brosnan, alibaki kitini hata kama hadithi ilidai kuanza sifuri. Martin Campbell, aliyemzindua Brosnan, aliitwa amzindue na Craig. Hata waandishi Purvis na Wade, walewale wa gari lisiloonekana, walibaki, wakaongezewa Paul Haggis. Waliotia tembo maji ndio waliorudishwa mnazini! Filamu ikaingiza takriban dola milioni 600, na Craig akacheza 5 mpaka 2021. Q na Moneypenny walirejea katika Skyfall, 2012, watazamaji walipokwisha kumzoea.

Ndiyo maana Bond atakayemfuata Craig ananitia wasiwasi, awe nani awe nani. Februari 2025 Amazon MGM ilichukua usukani wa ubunifu kutoka kwa Broccoli na Wilson, na mwezi Juni ikamtaja Denis Villeneuve kuwa mwongozaji. Sura mpya tumeshazoea. Hatujazoea kuondokewa na familia iliyokuwepo tangu 1962, inayojua kila skrubu iliwekwa pale kwa nini. Ujuzi huo hauandikwi popote. Mimi mwenyewe, kabla ya kufuta mstari mmoja wa mwenzangu, nimejifunza kumpigia simu kwanza.

Haya, Bond wako ni nani? Wangu ni Craig, na jaketi lake. Anayejua kina cha maji huvaa. Tuonane tena, inshallah.