Jogoo aliyechomwa moto kwa kutaga yai

Agosti 1474, katika mji wa Basel ulioko kando ya mto Rhine, jogoo alifikishwa mahakamani. Shitaka lake: ametaga yai. Alitiwa hatiani, akakabidhiwa kwa mnyongaji, na huko Kohlenberg akateketezwa pamoja na yai lenyewe, watu wa mji wakishuhudia.

Tusiwacheke upesi. Basel haikuwa kijiji cha washamba. Ilikuwa na chuo kikuu tangu 1460, na kabla ya hapo maaskofu wa Ulaya walikuwa wamekaa hapo miaka mingi katika mtaguso. Wakati mwingine hofu hutoka vitabuni. Pliny Mzee, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika habari za basilisko, nyoka mdogo wa nchi ya Kirene (Libya ya leo) mwenye alama nyeupe kichwani mfano wa taji. Ukimchoma mkuki ukiwa juu ya farasi, sumu hupanda kwa mpini ikakuua wewe na farasi wako. Pliny hakumhusisha na jogoo. Waliofanya hivyo ni waandishi wa Enzi za Kati: jogoo akizeeka hutaga yai dogo la mviringo, chura au nyoka akiliatamia, na hutoka dubwana lenye kichwa cha jogoo na mkia wa nyoka, linaloua kwa kutazama tu. Kwa hiyo lililotisha zaidi pale Kohlenberg ni yai.

Yai la namna hiyo wafugaji wanalijua. Ni dogo, pengine kama la njiwa; ukilipasua, ute mtupu. Kwa kawaida kiini huchomoka kwenye ovari, kikashuka katika mrija kinakovishwa ute, utando na ganda, safari ya saa 25 hivi, nyingi zikiwa za ganda peke yake. Lakini mrija hauna macho. Ikiingia chembe ya nyama au damu iliyoganda, nayo huvishwa vilevile.

Mwaka 1710 mpasuaji Mfaransa, Lapeyronie, aliipelekea Akademia ya Sayansi ya Paris habari za mkulima aliyemletea mayai madogo akiapa kuwa ni ya jogoo wake. Ndani hapakuwa na kiini. Palikuwa na kitu kilichojiviringa kama kijoka. Jogoo akapasuliwa, na njia ya yai haikuonekana. Maskini, alikufa bure, maana mayai yaliendelea kutagwa. Mwenye kuyataga alikuwa kuku jike aliyewika kwa sauti ya kukwaruza, na tumboni mwake mlikutwa uvimbe wa maji ulioubana mrija. Kijoka nacho, kwa maoni yangu, ni zile kamba nyeupe za ute ambazo kwa kawaida hukishika kiini mahali pake.

Na jike kuwika je? Huku kwetu wengi huona ni mkosi, na kisu hakichelewi. Sababu yake imo mwilini. Kuku hukuza ovari ya kushoto peke yake. Ikiharibiwa na uvimbe au ugonjwa, ya kulia iliyodumaa huweza kugeuka mfano wa korodani. Upanga wa kichwani ukakua, na kuku akawika. Mwaka 1923, F. A. E. Crew wa Edinburgh alieleza habari za kuku aliyewahi kutaga, kisha ovari ikaliwa na kifua kikuu, naye akaishia kuwa baba wa vifaranga.

Yaelekea basi mshitakiwa wa 1474 alikuwa jike mwenye maradhi. Ushahidi ulikuwa wa kweli. Walikosea kumtambua mtuhumiwa. Basilisko mwenyewe Basel walimfanya nembo, na leo amesimama juu ya mabomba ya maji ya kunywa mitaani.

Wewe ukiokota yai lisilo na kiini, likaange. Ila kundi zima likianza kutaga mayai yenye maganda laini, angalia chokaa kwenye chakula chao, na umwite mtaalamu wa mifugo mapema, maana mdondo nao huweza kuanza hivyo.