Mwili, Nafsi na Roho

Mtu akifa twasema amekata roho. Akiwahusudu wenziwe twasema ana roho mbaya. Na akijizuia asifuate matamanio yake twasema ameishinda nafsi yake. Maneno hayo, roho na nafsi, twayatumia kila siku bila ya kujiuliza kama ni kitu kimoja au ni viwili. Lakini zamani, ewe msomaji, Wakristo walijiuliza, na jawabu likawatenga waliokuwa marafiki.

Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, ulioandikwa yapata mwaka 50, aliwaombea wasomaji wake roho, nafsi na mwili, wala hakueleza mipaka ya vitu hivyo vitatu. Basi wako walioshika kwamba mtu ana sehemu tatu: mwili, nafsi, yaani uhai ambao hata wanyama wanao, na roho, penye akili na nia. Wengine walisema sehemu ni mbili tu, mwili na nafsi, na roho ni jina jingine la nafsi hiyo hiyo.

Katika karne ya 4 alikuwako askofu mmoja mwenye elimu nyingi, jina lake Apollinaris, wa mji wa Laodikia katika nchi ya Shamu, uitwao leo Latakia. Huyu hakuwa adui wa Kanisa. Alikuwa rafiki wa Athanasius, na pamoja naye aliitetea imani ya Baraza la Nikea la mwaka 325, lililomkataa Arius kwa kufundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe. Lakini Apollinaris aliogopa jambo moja: akili ya binadamu hugeuka-geuka na huweza kutenda dhambi. Kwa hiyo alifundisha kwamba Kristo alikuwa na mwili na uhai wa kibinadamu, lakini mahali pa roho palikaliwa na Neno la Mungu.

Gregory wa Nazianzus aliona hatari iliyojificha humo. Dhambi, alijibu, haikuanzia mkononi, bali katika akili. Na sehemu ambayo Kristo hakuitwaa haikuponywa. Je, mganga atamsaidiaje mgonjwa, akiacha kukitibu kidonda kile kile kimuumizacho?

Mwaka 381 Baraza la Konstantinopoli liliyakataa mafundisho ya Apollinaris. Naye alikufa yapata mwaka 390, akiwa ametengwa. Mwaka 451 Baraza la Kalkedonia likakiri kwamba Kristo ana mwili wa kweli na nafsi yenye akili.

Angalia, msomaji: mabaraza hayo hayakukata shauri kama sehemu za mtu ni mbili au tatu, na hata leo wataalamu wa dini hawajapatana. Walilolikata ni kubwa zaidi: kwamba hakuna sehemu ya binadamu iliyo duni hata iachwe nje ya wokovu, na akili yake kuliko zote. Apollinaris alitaka kumtukuza Kristo, naye bila ya kukusudia akampunguza binadamu.